Namba tasa iliyo kwenye simu yako, kutoka Kigongo hadi Busisi

Mwaka 2025, miezi michache baada ya daraja kufunguliwa, nilipita Kigongo nikienda kumwona mama mdogo. Kama umewahi kusubiri kivuko pale, jua kali, malori yamepanga foleni, unajua kwa nini nilisimama kidogo kulitazama lile daraja. Kilomita 3 juu ya maji, dakika chache tu na uko ng'ambo, Busisi.

Mama mdogo anauza dagaa. Siku hiyo nilimkuta amekaa na simu mkononi, na jambo lililokuwa limemkaa rohoni wiki nzima. Alikuwa amepiga picha majibu yake ya hospitali. Alitaka kumtumia binti yake anayesoma unesi Dodoma, amfafanulie yale maneno. Picha ipo, bando lipo, lakini hatumi.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii picha ikitoka hapa ikapita kwenye minara yote hiyo mpaka Dodoma, si kila mwenye mnara ataiona?"

Nikamwonyesha kale kaujumbe kadogo juu ya mazungumzo ya WhatsApp, kanakosema kwamba yaliyomo yamefungwa na hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma. Akakasoma. Akaweka simu mezani.

"Sawa. Wamefunga kwa kufuli gani? Na ufunguo anao nani?"

Kiukweli nilimjibu vibaya. Nilisema, "Ni hisabati tu, mama," halafu nikanywa chai. Mtu anayesomea hisabati hadi shahada ya pili, anaulizwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa, anajibu hivyo! Basi haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa, na nakupa na wewe, maana kufuli hilo liko mfukoni mwako pia.

Limejengwa juu ya namba moja. Hii hapa, nzima:

57896044618658097711785492504343953926634992332820282019728792003956564819949

Ina tarakimu 77. Kwa kifupi huandikwa 2²⁵⁵ − 19, yaani zidisha 2 kwa yenyewe mpaka ziwe 2 mia mbili hamsini na tano, kisha toa 19. Na ni namba tasa.

Neno hilo "tasa" tulilikariri shule ya msingi bila kulifikiria. Tasa ni asiyezaa. Ila ukitazama vizuri, namba tasa si kwamba haizai, ni kwamba haikuzaliwa. 15 ni mtoto wa 3 na 5. 12 ni mtoto wa 3 na 4. Lakini 7 haina wazazi: hakuna namba mbili ndogo kuliko yenyewe utakazozidisha upate 7. Namba yetu ya tarakimu 77 nayo ni hivyo hivyo. Mimi ningeiita namba isiyo na wazazi, lakini waliotunga vitabu hawakuniuliza.

Usidhani hii ndiyo kubwa kuliko zote. Namba tasa hazina mwisho, Euklidi alishathibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kubwa kuliko zote iliyokwisha kujulikana, kwa rekodi ya Oktoba 2024, ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani, na ina tarakimu 41,024,320. Ukiziandika kwa chaki pale darajani, kila tarakimu sentimita 1, utalivuka daraja lote zaidi ya mara 136 kabla hujamaliza. Ile ya kwenye simu yako itakula sentimita 77, haifiki hata meta moja. Lakini hiyo kubwa haifungi kufuli la mtu yeyote. Ni ya sifa, kama kupanda Kilimanjaro. Hiyo ya sentimita 77 ndiyo inayofanya kazi usiku na mchana.

Sasa, kwa nini iwe tasa? Kwa nini isiwe namba yoyote kubwa?

Tuanze na juma. Kiswahili kimetupa zawadi hapa: siku zetu zimehesabiwa tayari. Jumamosi ni 1, Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5. Alhamisi ni ya 6, na Ijumaa ya 7, ambayo kwa mzunguko ni sawa na 0. (Ndiyo, juma letu linaanza Jumamosi. Anayebisha abishane na lugha.) Katika juma, kila unapopita 7 unaitoa na kubaki na salio. Siku ya 8 ni Jumamosi tena. Hesabu za namna hii unazifanya kila siku bila kujua: saa 10 jioni ukiongeza saa 5 husemi saa 15, unasema saa 3 usiku. Umetoa 12.

Lakini saa na juma hazifanani. Kwenye saa, zidisha 3 kwa 4 upate 12, na 12 ni sawa na 0. Namba mbili ambazo si sifuri zimezaa sifuri! Ni hatari, kwa sababu ukishafika sifuri huwezi kurudi ulikotoka. Tena ukianza na 3 ukaizidisha kwa namba yoyote, unapata 3, 6, 9 au 0 tu. 1 huipati kamwe. Maana yake kwenye saa huwezi kugawanya kwa 3.

Kwenye juma haitokei hivyo. Zidisha Jumapili kwa Jumanne: 2 × 4 = 8, toa 7, inabaki Jumamosi. Jumatatu kwa Jumatano: 15, toa 14, Jumamosi. Alhamisi kwa Alhamisi: 36, toa 35, Jumamosi. Kila siku isiyo Ijumaa ina mwenzake wa kuirudisha kwenye 1, kwa hiyo kugawanya kunawezekana siku zote. Sababu ni moja tu: 7 ni tasa na 12 si tasa.

Cheza kidogo na Jumatatu. Izidishe kwa yenyewe tena na tena, ukitoa saba saba: 3, 2, 6, 4, 5, 1. Umeruka Jumatatu, Jumapili, Alhamisi, Jumanne, Jumatano, Jumamosi. Umezitembelea siku zote sita, kila moja mara moja, kwa mpangilio usioeleweka, kisha umerudi kwenye 1 kwenye hatua ya sita. Mfaransa Pierre de Fermat aliliona hili mwaka 1640: katika mzunguko wa namba tasa, ukichukua namba yoyote isiyo sifuri na kuipandisha kwenye kipeo ambacho ni pungufu ya tasa hiyo kwa 1, unapata 1. Kwa juma kipeo hicho ni 6. Jaribu na Jumapili: 2⁶ ni 64, na 64 ni 63 na 1.

Weka akilini mambo mawili: kuruka mbele ni rahisi, na mpangilio wa mrukio umevurugika. Tutavihitaji vyote viwili.

Kwa nini 19?

Hapa ndipo mimi napenda zaidi, kwa sababu unaweza kulifanya kwa kalamu na karatasi ukiwa umekaa kwenye basi.

Aliyeichagua namba hii ni Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, kwenye kazi aliyoichapisha mwaka 2006. Alitaka namba tasa iliyo karibu sana na 2²⁵⁵, kwa sababu kompyuta huhesabu kwa mafungu ya 2. Basi akaanzia 2²⁵⁵ na kushuka. Tushuke naye. Namba shufwa zote tunaziruka, zinagawanyika kwa 2. Zinabaki witiri: toa 1, toa 3, toa 5, na kuendelea.

Kwanza tujue 2²⁵⁵ inaacha salio gani. Kwenye juma, 2 × 2 × 2 ni 8, yaani 1. Kila mara tatu za kuzidisha unarudi kwenye 1. Na 255 ni 3 × 85, inagawanyika kwa 3 bila baki. Basi 2²⁵⁵ ni Jumamosi! Ukitoa 1 inabaki Ijumaa, yaani 2²⁵⁵ − 1 inagawanyika kwa 7. Si tasa. Umeipasua namba ya tarakimu 77 kwa kutumia kalenda. Kwa hoja hiyo hiyo, ukitoa 15 nayo inaanguka, kwa sababu 15 ni 1 na juma mbili.

Kwa 3: vipeo vya 2 vinaacha 2, 1, 2, 1, na kwa kuwa 255 ni witiri, salio ni 2. Basi toa 5, toa 11, toa 17: zote zinagawanyika kwa 3. Kwa 5: salio ni 2, 4, 3, 1 kwa kuzunguka, na 255 inaangukia nafasi ya tatu, kwa hiyo salio ni 3. Toa 3 na toa 13 zinaondoka. Kwa 17: 2⁸ ni 256, ambayo ni 17 × 15 na 1. Ukitoa manane manane kwenye 255 unabaki na 7, na 2⁷ ni 128, inayoacha salio 9. Toa 9, kwaheri.

Ukihesabu waliobaki kati ya 1 na 17, yupo mmoja tu: 2²⁵⁵ − 7. Huyu ni mbishi. Nimemjaribu kwa mkono kwa namba tasa zote chini ya 100, hakuna iliyomgawanya. Lakini kompyuta inamkataa. Si tasa. Anayefuata ni 19, na 19 ndiye.

Ni bahati pia. Kwenye eneo hilo la namba, kwa wastani takriban namba 1 kati ya 177 ndiyo tasa. Kuipata baada ya hatua 19 tu ni kama kufika kivukoni ukakuta chombo kinakusubiri wewe.

Utauliza: tunajuaje kwa hakika kuwa hii haina vigawo, ikiwa kugawanya kwa kila namba ndogo kuliko yenyewe hakuwezekani hata kwa maisha ya ulimwengu? Rudi kwenye Jumatatu. Iliruka sehemu sita tofauti kabla ya kurudi kwenye 1, na hilo linawezekana tu kama 7 ni tasa. Kwenye mzunguko usio tasa kuna sehemu ambazo huwezi kuzikanyaga ukarudi. Édouard Lucas, Mfaransa wa karne ya 19, aliligeuza wazo hilo kuwa kipimo. Kama ukipata namba inayorudi kwenye 1 kwa kipeo kilicho pungufu ya namba yako kwa 1, lakini hairudi mapema zaidi, basi namba yako ni tasa, bila shaka yoyote. Huhitaji kuzipita hatua zote. Unahitaji tu kujua vigawo tasa vya hiyo namba pungufu kwa 1. Kwa namba yetu vinajulikana: 2 × 2 × 3 × 65,147 × tasa nyingine yenye tarakimu 71. Simu yako inaweza kufanya kipimo hiki kabla hujamaliza kupiga chafya.

Udogo wa hiyo 19 una faida ya pesa kabisa, hasa kwenye simu ya bei ndogo. Chukua mfano wa 97, ambayo ni 100 − 3. Unataka salio la 4,158 kwa 97? Usigawanye. Kata mamia: 41 na 58. Zidisha 41 kwa 3, ongeza 58: 181. Kata tena: 1 na 81, yaani 3 + 81 = 84. Ndilo salio. Kwa kuwa 97 imepungukiwa 3 tu kufika 100, kila mia inageuka kuwa 3. Kwa namba yetu, kila 2²⁵⁵ inageuka kuwa 19. Simu haigawanyi, inakata, inazidisha kwa 19 na kujumlisha. Ndiyo maana ujumbe unaondoka haraka na betri haiishi.

Ufunguo anao nani

Turudi kwa mama mdogo. Fikiria hakuna simu, kuna kivuko tu kama zamani, na kila karatasi inayovuka husomwa na abiria wote. Yeye yuko Busisi, binti yake yuko Kigongo. Hawajawahi kukubaliana siri yoyote. Wanaweza vipi kupata namba moja ya siri wanayoijua wao wawili tu, wakati kila wanachoandikiana kinasomwa?

Wamarekani Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha jibu mwaka 1976. Tulifanye kwa namba ndogo. Wanakubaliana hadharani kutumia tasa 19 na kuanzia na 2. Abiria wote wanasikia.

Mama anachagua siri yake moyoni: 5. Anahesabu 2⁵ = 32, anatoa 19, anapata 13. Anaituma 13 kwa kivuko. Binti naye anachagua 7 moyoni. 2⁷ = 128, akitoa 114 anabaki na 14. Anaituma 14.

Sasa mama anachukua 14 iliyokuja na kuipandisha kwenye siri yake, kipeo cha 5: 537,824. Akigawanya kwa 19 salio ni 10. Binti anachukua 13 na kuipandisha kwenye kipeo cha 7: 62,748,517. Akigawanya kwa 19 salio ni 10.

Wote wana 10, na 10 haikupanda kivuko.

Abiria wameona 19, 2, 13 na 14. Ili waipate 10 lazima wajue mama aliruka mara ngapi kufika 13. Kwa 19 ni rahisi, wataorodhesha 2, 4, 8, 16, 13, basi, ni tano. Lakini mrukio umevurugika, unakumbuka? Kuwa 13 iko "mbele" ya 8 hakukuambii chochote. Kwa namba kubwa, aliye na siri anaruka mbele kwa muda mfupi mno, na asiye nayo anabaki kutafuta gizani.

Ndilo jibu la swali la pili la mama mdogo. Ufunguo hana mwenye mnara, na hana mwenye kampuni. Umezaliwa kwenye simu mbili kwa wakati mmoja.

Lazima nirekebishe kitu hapa, nisije nikakudanganya. Kwa mchezo huu wa vipeo vitupu, tasa ya tarakimu 77 haitoshi. Mwaka 2019 watafiti walivunja ya tarakimu 240. Kinachofanyika kwenye simu ni kwamba mirukio haifanyiki kwenye namba moja kwa moja, bali kwenye nukta za mkunjo wenye mlinganyo y² = x³ + 486662x² + x, ambapo kila hesabu huzungushwa kwa tasa yetu. Mkunjo huo unaitwa Curve25519, na sasa unajua jina limetoka wapi. Wazo la mama na binti halibadiliki, ila njia za mkato zilizovunja ile ya tarakimu 240 hazifanyi kazi kwenye nukta hizo. Njia bora inayojulikana ya kompyuta za kawaida inahitaji takriban hatua 2¹²⁶. Mashine yenye uwezo wa hatua bilioni bilioni kwa sekunde ingechukua karibu miaka trilioni 3. WhatsApp imeutumia mkunjo huu kwa watumiaji wake wote tangu Aprili 2016.

Nimesema "inayojulikana" kwa makusudi. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba njia fupi haipo. Tunaamini kwa sababu watu wenye akili wameitafuta kwa miongo na wameikosa. Kwa upande mwingine tunajua kitakachoivunja: mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikijengwa kubwa na imara ya kutosha, itahesabu mirukio hiyo bila taabu. Kompyuta hiyo bado haijajengwa, lakini Agosti 2024 Marekani ilishatoa viwango rasmi vya makufuli mapya yasiyotegemea mirukio hii. Namba yetu ina kazi leo. Sijui kama wajukuu wa mama mdogo wataitumia.

Na kuna mambo ambayo namba tasa haiyafikii kabisa. Haigusi zile menyu za kutumia pesa zinazoanza na nyota, huo ni mfumo mwingine. Haimzuii yule anayekutumia "ile hela tuma kwenye namba hii." Nakala za mazungumzo zinazohifadhiwa mtandaoni hazifungwi kwa kufuli hili mpaka wewe mwenyewe uwashe ulinzi wake kwenye mipangilio. Na hailindi simu ikishafunguliwa.

Nilipomweleza mama mdogo yote haya, safari iliyofuata, kwa karatasi na zile namba 13 na 14, alisikiliza mpaka mwisho. Akarudia hesabu ya 14 kwa kipeo cha 5 kwa kikokotoo cha simu yake, akapata 10, akatikisa kichwa. Kisha akasema tatizo lake kumbe si mnara. Simu yake huchajiwa kibandani kwa kijana mmoja, inalala huko mpaka jioni, na haina neno la siri.

Tukaweka neno la siri. Akatuma picha, akasubiri zile alama mbili zigeuke bluu, halafu akaifuta kwenye simu yake na kuniuliza kama nimeshakula.